Msimamizi Wangu wa Fildi Ndani ya Kanzu ya Marehemu

Fildi yangu ilikuwa ya kuvalisha watu suti.

Sio kwamba nilikuwa nasomea ushonaji. Nilikuwa nasoma diploma ya utengenezaji wa picha na video, chuo chetu kidogo kile cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na nikapelekwa fildi, yaani mazoezi ya kazi, kwenye studio moja ya Mwembesongo. Mtu anaingia na fulana ya mpira, ametoka kushusha mizigo sokoni, anataka picha za pasipoti za kupeleka maombi ya kazi. Namkalisha kwenye stuli, nampiga, naingia kwenye kompyuta, namvua ile fulana, namvalisha suti nyeusi na tai nyekundu. Suti yenyewe ilikuwa moja. Ilikuwa ya baba fulani mwenye mabega mapana ambaye hata bosi hakumbuki alimtoa wapi. Nusu ya Morogoro wanaombea kazi kwa mabega ya yule baba. Siku moja nilimvalisha bibi mmoja kwa makosa, nikataka kumvua, akagoma. Akasema amependeza, akasafishisha picha nyingi za kugawia wajukuu.

Mimi nilienda fildi kujifunza kuongoza filamu. Nasema kweli, ndicho nilichoandika kwenye barua ya maombi, na nilikuwa naamini.

Kila asubuhi nilikuwa nauliza, "Bosi, leo nashika kamera?"

"Subiri kwanza, mama. Kamera haikimbii."

Haikimbii! Lakini fildi ilikuwa inakimbia, na hapo ndipo presha yangu ilipokuwa. Msimamizi wa chuo anakuja kukukagua mara moja tu. Akikukuta umesimama nyuma ya kamera unafanya kazi ya fani yako, anajaza fomu, unapata maksi, umemaliza. Akikukuta unatoa kopi vyeti vya watu, unarudia fildi mwaka unaofuata. Mwaka mzima! Wenzako wamevaa majoho, wewe bado unavalisha watu suti. Mwenzangu mmoja aliyekuwa studio ya Msamvu alikutwa anafua pazia la bluu, lile la kupigia picha nyuma. Alijitetea kwamba pazia nalo ni kifaa cha fani. Akarudia.

Kwa hiyo kila mwanaume mwenye shati la kuchomekea aliyepita mbele ya studio nilikuwa naruka, nakamata kamera yoyote, hata iliyokufa, naiweka jichoni. Bosi akawa anauliza kama nina kifafa.

Halafu Mungu akaniona. Bosi alikubali kazi mbili siku moja: harusi ukumbini, na arobaini ya mzee mmoja kijiji cha juu huko, milimani. Kwa kweli hakufikiria sana. Kwenye harusi kuna feni na kuna nyama choma. Akanipa kamera ya zamani, stendi, maiki na betri za akiba, akaniambia, "Watoto wa marehemu wengine wako Dar, wengine Omani, wanataka waione. Piga dua, piga watu wakila, shuka."

"Peke yangu, bosi?"

"Si ulikuwa unalia unataka kamera?"

Nilimpigia msimamizi saa ile ile. Ni mwalimu wetu wa kamera, mtu wa nidhamu kali, tai mpaka kwenye mahafali ya chekechea. Nikamwambia, mwalimu, Jumamosi niko kazini, niko peke yangu, kamera naongoza mimi. Akasema, "Nitakuja nijionee." Sikulala vizuri wiki ile.

Bodaboda inakufikisha mpaka kwenye daraja la miti, kuanzia pale ni miguu. Nilipanda na stendi kichwani, ukungu bado umelala kwenye migomba, natoa shikamoo kwa kila niliyekutana naye, maana kule kila mtu ni mkubwa wako na kila mtu anashuka na ndizi kichwani akiwa hahemi wala nini, wakati wewe unakufa. Nilifika kabla dua haijaanza. Nikasimamisha kamera, nikasawazisha rangi, nikairekodi dua yote vizuri, mkono hautetemeki, sauti safi. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Na mwalimu hajatokea. Kazi yangu nzuri yote hakuna aliyeiona.

Basi nikawa kila dakika naangalia njia. Nikagundua sio mimi tu, hata wenye msiba walikuwa wanaangalia njia. Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu yangu, mfupi, khanga amejifunga kiunoni kama anataka kupigana. Kumbe ndiye dada wa marehemu, mwenye msiba mwenyewe.

"Bibi, na nyie kuna mgeni mnamsubiri?"

"Mtani wetu. Yule mzee Mnyamwezi anayekaa Mazimbu. Amesema goti limevimba, hawezi mlima. Goti! Kwenye msiba mzima wa mtani wako unaleta habari za goti!"

Mimi nimezaliwa mjini, mambo haya nayajua nusunusu, ikabidi anifundishe. Kwao, mtani, mtu wa kabila wanalotaniana nalo, ndiye anayeufunga msiba. Siku ya arobaini anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa, alivyotembea, alivyoongea, watu wanacheka mpaka basi, ndipo nguo zinagawiwa na marehemu anaenda zake. Mtani asipokuja, nguo hazigusiki, na marehemu anabaki anazungukazunguka nyumbani.

"Na huyu kaka yangu," bibi akasema, "mimi nilimpenda, lakini sitaki abaki anazunguka."

"Kwa nini, bibi?"

"Alikuwa anasahihisha watu. Hakuna kazi uliyoifanya mbele yake ukaipatia. Hata kulia. Mama yetu alipokufa alinifundisha kulia."

Tukiwa hapo ndio nikaona tai inapanda kilima. Suti ya kijivu, faili kwapani, viatu vya ngozi vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Nikaruka nyuma ya kamera, nikajifanya niko katikati ya kazi ngumu sana, nairekodi miguu ya kuku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Endelea, usinijali mimi."

Lakini kule mgeni hawezi kutojaliwa. Bibi alishainuka. "Karibu baba, pole na mlima. Kwenu wapi?"

Mwalimu akafungua kifungo cha koti, akajibu vizuri kabisa, kama yuko kwenye usaili. "Nyumbani ni Tabora, mama. Nzega."

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Nilidhani kuna mtu ameumwa na nyoka. Vigelegele vilitoka jikoni, vikatoka kwenye migomba, vikatoka kwenye nyumba za chini. Bibi akamshika mwalimu tai.

"Mbwa wewe! Ulikuwa unatukimbia!"

Yule mtu chuoni ukisema "mambo" badala ya shikamoo anakutoa darasani. Akajikohoza. "Mama zangu, naomba mnielewe. Mimi nimekuja kikazi. Nina mwanafunzi wangu hapa nimekuja kumtathmini."

Mjomba wa ukoo, ndiye mwenye kauli ya mwisho pale, alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatafuna karanga. Akasema bila haraka, "Mtathmini ukiwa umevaa kanzu."

"Mzee wangu, mimi hata marehemu simjui."

"Sisi tunamjua. Wewe vaa." Halafu akaongeza kwa upole kwamba mtani akikataa, mkosi hauendi kwa wafiwa, unaenda kwa mtani. Mwalimu akatoa simu, nadhani alitaka kumuuliza mama yake kama ni kweli. Mtandao hakuna. Akaiangalia ile simu muda mrefu, akaniangalia mimi, akaingia ndani.

Alipotoka, wanawake walijitupa kwenye mkeka. Marehemu alikuwa mfupi, kanzu ikamfika mwalimu kwenye ugoko. Chini mabuti ya shamba, juu koti la mvua, kichwani kofia imekaa kama kifuniko cha chupa. Mkononi fimbo. Kwa ndani tai bado anayo, ncha yake inachungulia shingoni.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Bega lake la kushoto lilikuwa juu," bibi akamwelekeza. "Na alikuwa haridhiki."

"Haridhiki na nini?"

"Na chochote! Ukilima, jembe umelishika kama mwiko. Ukipika, moto umeuwasha kwa uchoyo. Haya, sahihisha watu!"

Mwalimu akainua bega. Akageuka huku na huku anatafuta cha kusahihisha, na macho yake yakatua kwangu.

"Wewe binti! Kamera umeielekeza kwenye jua! Sura zote zitakuwa nyeusi!"

Watu wakapasuka. Mama mmoja akaanguka chali anapigapiga mkeka. "Ndiye! Ndiye kabisa! Amerudi!"

"Samahani, mwalimu," nikasema, nikahamisha stendi.

"Na stendi imepinda! Na maiki umeiweka wapi? Unarekodi watu au unarekodi upepo?"

"Ndiye! Hivyo hivyo!"

Na shida ni kwamba alikuwa sahihi. Stendi ilikuwa imepinda, jua lilikuwa nyuma yao, maiki nilikuwa nimeisahau pale pa kusomea dua. Mwalimu alikuwa ananitathmini kweli kweli, mambo yale yale ya darasani, na kila akitaja kosa langu kijiji kizima kinapiga makofi. Nafikiri hakuna mwanafunzi wa fani yoyote aliyewahi kufeli kwa shangwe namna ile. Mimi jasho, "sawa mwalimu, samahani mwalimu," na yeye akizidi kunoga. Alishaanza kunionyesha kwa fimbo.

Bibi akaja akanivuta sikio. "Wee mjukuu. Mbona unamjibu kama umekamatwa na polisi? Kwani wewe si Mluguru?"

"Ni Mluguru, bibi."

"Upande wa mama?"

"Wa mama pia."

"Basi huyu ni mtani wako! Kaka yangu sisi tulikuwa tunamrudishia. Ukimnyamazia unamharibu."

"Bibi, huyu ni mwalimu wangu. Ana maksi zangu."

"Mwalimu wako yumo ndani. Huyu wa nje ni kaka yangu."

Wakati huohuo nikasikia harufu ya karatasi. Jikoni kuni zilikuwa mbichi, moto unakataa, na mama wa pilau alikuwa anapepea na faili la mwalimu, aliloliacha mlangoni alipoingia kuvaa. Kupepea kulipogoma, akaanza kuchomoa karatasi moja moja anasukumia chini ya sufuria. Mwalimu naye akaona. Akafungua mdomo, sauti yake ya chuoni ikatoka, "Mama, hizo ni fomu za..." Watu wote wakamgeukia, wanasubiri marehemu anasemaje. Nilimwona anafikiria. Bega likapanda.

"Na hata kuchoma karatasi hamjui! Zikunjeni kwanza!"

Makofi. Na mama akazikunja kweli, na moto ukawaka. Fomu yangu ilikuwemo mle. Pilau iliivia juu ya maksi zangu.

Ndio nikaishiwa subira. Naomba nieleweke, sikuwa nacheza utani wa mtu yeyote. Betri ilikuwa inapepesa nyekundu, fomu imeungua, nimepanda mlima na stendi kichwani, na huyu mtu amesimama mbele ya kamera yangu, mgongo kwa lenzi, anaeleza kijiji jinsi ninavyokosea. Nikapiga kelele.

"Wewe mzee, toka hapo! Unaniziba! Tangu umefika unaongea wewe tu, kufa umekufa lakini kunyamaza huwezi!"

Kimya. Hata kuku. Nikasikia maji ya mto kule bondeni. Nikasema moyoni, basi, narudia mwaka, labda na miaka mingine mbele.

Bibi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Vingine vikafuata. Na mwalimu, ndani ya lile koti la mvua, akageuka taratibu, akauliza kwa sauti ndogo, "Nisimame wapi?"

Sijui nini kilinipata. Nikamwambia. "Pale kwenye mgomba. Uso kwangu. Bega juu. Sio hilo, la kushoto! Njoo huku unatembea, unakagua maharage, hujapenda yalivyopandwa. Haya."

Akaja. Nikamkatalia. "Unatembea kama unaenda benki. Upya!" Akarudi kwenye mgomba, akaja tena. "Mtumwa wa Kiluguru leo ananiamrisha," akalalamika njiani. "Si ndio nyie mliotubebesha mizigo mpaka pwani bila kutupa hata maji!" mjomba akamjibu kutoka kwenye karanga zake. "Upya!" nikasema. Nikabadilisha betri. Nikamweka mama wa pilau amkorofishe, nikawaweka watu wa mkekani wamjibu kama walivyokuwa wakimjibu marehemu, na waliyoyasema mengine siyaandiki hapa. Ilikuwa filamu. Mara ya kwanza maishani nilikuwa naongoza filamu.

Mwisho nikamwambia apande ile njia ya shambani, asigeuke nyuma. Akapanda. Kanzu fupi, mabuti, bega moja juu, fimbo inagusagusa migomba kama mtu anayeihesabia makosa. Bibi alikuwa anacheka pembeni yangu, halafu akaacha. Akashika mkono wangu uliokuwa kwenye kamera.

"Mwache apite," akasema.

Nikamwacha apite. Nilimfuata na lenzi mpaka majani yakamficha, na hata alipokwisha kufichika sikuzima. Halafu bibi akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akawaambia walete nguo zigawiwe.

Tuliposhuka mwalimu alikuwa amerudi kwenye suti yake. Na mimi nikarudi kwenye adabu yangu, natembea nyuma yake.

"Mwalimu, samahani. Kuhusu maksi."

"Fomu imeungua."

"Najua, mwalimu. Sasa?"

"Kama hakuna fomu, utapimwa na jopo la idara. Wataangalia kazi uliyoifanya."

"Kazi ipi?"

Alivuka kwanza sehemu yenye utelezi. "Hiyo hiyo."

Nikaogopa kwa niaba yake. "Mwalimu, naweza kukukata. Nikuondoe kabisa."

"Ukiniondoa kinabaki nini?"

"Dua. Na watu wanakula."

"Hiyo angeweza kuipiga nani?"

"Mtu yeyote."

Akateleza, akashika mgomba, suti ikapata tope jipya begani. "Basi usinikate," akasema, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Niliihariri studio, jioni baada ya wateja wa suti kuondoka. Bosi alikuja kuchungulia akakaa, akacheka mpaka akasahau kufunga duka. Familia walipelekewa yao wakaitazama huko Dar na Omani, nikaambiwa walilia na kucheka na kuulizana huyu Mnyamwezi mrefu ni nani. Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwenye jopo.

Jopo lilikaa kwenye kile chumba chetu cha projekta chenye pazia lililotoboka. Mkuu wa idara, mama ambaye sijawahi kuona meno yake, na walimu wengine wa fani. Mwalimu wangu alikaa mstari wa nyuma kabisa, tai imekazwa. Taa zikazimwa. Dua ikapita, wakaitikia kwa heshima. Halafu akatokea mlangoni yeye, ugoko nje, kofia kama kifuniko cha chupa.

Mwalimu mmoja alishikwa na kikohozi na hakikumwachia mpaka mwisho. Mwingine aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa sendo. Ilipofika pale nilipopiga kelele, "kufa umekufa lakini kunyamaza huwezi," nikaangalia sakafu. Nilisikia viti vinatikisika.

Mkuu wa idara hakucheka. Aliangalia mpaka pale kwenye migomba, mpaka pale ambapo hakuna mtu tena, majani tu yanatikisika. Akasema irudishwe ile sehemu. Ikarudishwa. Akawasha taa mwenyewe.

"Mwongozaji wa hii ni nani?"

Mwalimu wangu akasimama kule nyuma. "Ni yeye, mkuu."

"Na wewe ulikuwa nani?"

"Marehemu, mkuu."

Alilisema kwa unyoofu kabisa, kama anataja cheo. Mkuu wa idara akamwangalia, akaandika kitu, akafuta, akaandika tena.

"Picha nzuri," akasema. "Mwisho mzuri sana. Sauti hapana. Kuna mwanamke anapiga kelele mwanzo mwisho."

"Ni mimi, mama."

"Nimesikia ni wewe. B."

Nilifaulu. Mtu mwingine angesema asante akaondoka. Mimi nikauliza kama naruhusiwa kwenda kuisafisha ile sauti, nizitoe kelele zangu, niilete tena wiki ijayo nipimwe upya, labda ikawa A. Mwalimu kule nyuma akafumba macho.

"Binti," mkuu wa idara akasema, "umefaulu. Toka."

Nikatoka.